Masomo Kwenye Karatasi ya Treni

Neno lililoniponza lilikuwa disko. Sisi wanafunzi wa chuo kikuu tulilitumia kila siku bila kulifikiria. Aliyefukuzwa masomo kwa kufeli amedisko, anayekaribia kufukuzwa ananusa disko, na aliyeponea chupuchupu anamshukuru Mungu na kuwanunulia wenzake soda. Lilikuwa neno la mabwenini, la Dar es Salaam, na mimi mtoto wa Itigi, niliyemaliza mwaka mmoja tu mjini, nilishajiona mwenyeji kiasi cha kuliandika kwenye barua ya nyumbani. Niliwaandikia wazazi wangu kwamba likizo inakaribia, kwamba naumwa kichwa na fomu ya kuchagua masomo, na kwamba nisipojipanga vizuri nitadisko.

Barua ile baba aliisoma kwa sauti huko Mitundu, walikohamia kutoka Itigi, mama akisikiliza huku anachambua mchicha. Miaka ile ilikuwa ya ruksa, biashara zimefunguliwa milango. Nguo za mitumba zilishafika hadi kwenye minada ya porini, na kila mwenye jenereta na spika mbili alikuwa anafungua ukumbi wa disko Jumamosi. Mama aliwajua wasichana wawili wa Itigi walioanza na disko hizo wakaishia pabaya. Kwa hiyo aliposikia kwamba binti yake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, anaandika kuwa asipojipanga vizuri atadisko, aliacha mchicha. Jibu lilinifikia baada ya wiki mbili, mwandiko wa baba, mstari mmoja tu: "Njoo nyumbani kabla hujadisko."

Nililisoma nikafurahi. Nikawaonyesha wenzangu chumbani, nikawaambia mnaona wazazi wangu walivyo watu wa maendeleo, wameelewa mara moja.

Fomu yenyewe haikuwa ya mchezo. Chuo kilikuwa kimeingia kwenye mfumo mpya wa mihula, na kila mmoja wetu aliyesomea elimu ya jamii, au sosholojia kama tulivyoizoea, alipewa fomu moja ya kupanga masomo yote ya miaka miwili iliyobaki. Fomu moja, hakuna ya pili. Ilitakiwa irudi Ijumaa ya kwanza baada ya kufungua, ikiwa imesainiwa na mshauri wa masomo, na tangazo ubaoni lilisema wazi kwamba iliyofutwafutwa au kuharibiwa haitapokelewa. Serikali ilikuwa inanilipia miaka mitatu kamili. Mtu akifika mwisho wa mwaka wa tatu akakuta kuna somo la lazima hajalifanya, hakuna wa kumlipia mwaka wa nne. Anafunga sanduku, anarudi kwao, na shahada anaiacha hapohapo.

Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa nimechagua masomo ya hiari kama mtu aliyeinamia rundo la mitumba, anavuta kinachong'aa. Na nilikuwa nimejipangia hivyohivyo hadi mwisho. Ndoa na familia, dini na jamii, maisha ya mijini, uhalifu na ukengeushi, hayo yote niliyapa nafasi za mbele. Takwimu, ambayo ilikuwa lazima, niliisukuma hadi mwaka wa tatu. Niliiogopa, sina sababu ya kuficha. Hesabu na mimi tuligombana tangu kidato cha pili na hakuna aliyetupatanisha. Nilijiambia mwaka wa tatu ni mbali, pengine kufikia wakati huo nitakuwa nimepata akili nyingine.

Basi likizo ikafika, nikapanda treni hadi Itigi, na kutoka Itigi nikapata lori la mizigo lililokuwa linakwenda Mitundu. Nilishuka nikiwa mwekundu kwa vumbi tangu nywele hadi kucha. Mama alinipokea mlangoni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, lakini macho yake yalikuwa yananikagua sketi, halafu viatu, halafu masikio kama yana hereni. Sikuelewa. Nilioga, nikapewa ugali wa uwele na mlenda, nikala kwa furaha ya mtu aliyekula wali wa bwenini mwaka mzima. Nilipomaliza kunawa, mama akasogeza kigoda karibu. Baba alikuwa upande wa pili, anatazama nje kama watazamavyo wanaume waliokwisha kuambiwa wanyamaze kwanza.

"Hilo disko lenu," mama alisema, "ni la kila siku au la Jumamosi tu?"

Nilicheka. Hilo lilikuwa kosa kubwa, kwa sababu mama akihamia Kinyaturu ujue hasira imefika shingoni, na siku hiyo alihama bila kuaga. Aliniambia mambo mengi ambayo kwa Kiswahili yanapungua ukali, kwa hiyo sitayatafsiri. Ilinichukua muda kupata upenyo wa kueleza kwamba chuoni kudisko si kucheza muziki, ni kufukuzwa masomo. Baba aligeuka. Mama akalipima lile neno jipya kichwani.

"Kwa hiyo uliposema utadisko, ulikuwa unasema utafukuzwa."

"Ndiyo, mama. Nisipopanga vizuri."

"Bora ungekuwa unacheza," akasema, akaenda kuosha vyombo.

Nilibaki na baba, na hapo sikuwa na hamu tena ya kucheka. Maana mama alikuwa amesema kweli. Mchezaji wa disko anaweza kuchapwa akaacha. Mimi nilikuwa na fomu kwenye begi ambayo ningeweza kuijaza vibaya kwa mwandiko mzuri kabisa, nikajifukuza mwenyewe.

Hapo Mitundu, kusema kweli, hakuna aliyejua nasomea nini. Jirani yetu mmoja, aliyekuwa balozi wa nyumba kumi tangu enzi za vijiji vya ujamaa, alisikia neno sosholojia akaamini ni ujamaa wenyewe kwa Kiingereza. Alinijia siku ya pili kunipa pole. Alisema ni uonevu kumsomesha mtoto kitu ambacho serikali imekwisha kukiacha, na kwamba kama wangemuuliza yeye angewaambia wanifundishe biashara. Nilimshukuru. Nilijaribu kumweleza, nikaona anazidi kunionea huruma, nikaacha.

Baba ndiye aliyesema, jioni ile ya kwanza, "Lete hicho kitabu chenu na hiyo fomu."

Inabidi niseme kidogo juu ya baba. Alikuwa karani wa stesheni Itigi kwa miaka mingi, mtu wa simu ya kuzungusha mkono na daftari la treni. Njia ya reli kwetu ni moja tu, na treni zinazokuja na zinazokwenda zinapishana stesheni. Kazi yake ilikuwa kujua ipi iko wapi, ipi isubiri, ipi ipite. Halafu ikaja miaka ya kupunguza wafanyakazi, na jina lake likawa kwenye orodha. Akaondoka kwenye nyumba ya reli, akahamia Mitundu kulima alizeti na mahindi, na mama akaanza kuuza mitumba mnadani. Baba hakulalamika. Alipungua maneno tu. Alikuwa akilima kwa koti la reli, vifungo vyote vimefungwa, na saa yake ya mkononi aliitazama shambani kana kwamba jembe nalo lina muda wa kuondoka.

Kitabu cha chuo, kile chenye masharti yote ya kupata shahada, alikisoma siku mbili. Wanafunzi wenzangu wengi hawakuwahi kukisoma hata ukurasa wa kwanza. Tulikuwa tunaulizana koridoni, na aliyeulizwa naye alikuwa amemuuliza mwingine. Baba alikaa barazani na miwani yake iliyofungwa uzi, akasoma kuanzia jalada. Alisoma hadi sehemu ya adhabu za kuvunja vioo vya maktaba. Akifika mahali pa masharti anapiga mstari mwembamba kwa penseli, akifika mahali asipoelewa ananiita. Aliniuliza somo lipi lazima litangulie somo lipi. Aliniuliza kama somo la muhula wa kwanza hufundishwa tena muhula wa pili, au likipita limepita hadi mwaka unaofuata. Niliona aibu kwa sababu maswali mengine sikuwa na majibu yake, na yalikuwa maisha yangu.

Siku ya tatu aliingia ndani, akafungua sanduku la bati, akatoa karatasi ambazo sikuwa nimeziona tangu tuhame Itigi. Ni karatasi kubwa, nusu ya meza, zenye mistari midogomidogo ya kijani. Reli walizitumia kuchora safari za treni. Juu zinakwenda saa, pembeni yanashuka majina ya stesheni, na kila treni ni mstari mmoja unaokatiza karatasi kwa mshazari. Mahali mistari miwili inapokutana ndipo treni zinapishana, na mahali hapo lazima pawe stesheni yenye njia mbili, la sivyo ni maafa. Mama alikuwa amezitumia baadhi kutandika kabati la vyombo. Baba alizitazama zile za kabatini, akachukua moja safi.

Akaandika mihula mahali pa saa. Mahali pa stesheni akaandika masomo. Penseli nyekundu aliitumia kwa masomo ya lazima, ya bluu kwa ya hiari. Akachora mpango wangu kama nilivyokuwa nimeuandika kwa mkono kwenye daftari, bila kubadilisha chochote. Nilisimama nyuma yake nikitazama mistari yangu ya bluu ikipendeza mwanzoni mwa karatasi, mingi, imejipanga, nikajisikia fahari. Halafu akafika mwaka wa tatu, akaweka penseli chini.

"Hii haina njia," alisema.

Nikamuuliza haina njia vipi. Akanionyesha kwa kidole, polepole. Kule mwisho kulikuwa na andiko la utafiti, ambalo lazima lianze muhula wa kwanza wa mwaka wa tatu. Andiko hilo haliruhusiwi kuanza mpaka mtu awe amefanya somo la pili la mbinu za utafiti. Somo hilo la pili la mbinu linafundishwa muhula wa pili peke yake, na haliruhusiwi mpaka mtu awe amefanya takwimu. Na takwimu inafundishwa muhula wa kwanza peke yake. Mimi takwimu niliiweka mwaka wa tatu. Kwa hiyo mbinu ingekuja baada yake, na andiko lingekuja baada ya mbinu, katika mwaka wa nne ambao haupo.

"Treni hii umeiondoa stesheni," alisema, kidole kwenye andiko, "na ile iliyo mbele yake haijafika bado. Hata haijaondoka."

Badala ya kumshukuru nilikasirika. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na nilikuwa nakosolewa kwa penseli ya rangi na mtu aliyeishia darasa la nane. Nilimwambia chuo si stesheni. Nilimwambia kule kuna wahadhiri wenye akili zao, hawawezi kumfukuza mtu kwa sababu ya mistari. Nilisema zaidi ya hapo, na sauti yangu haikuwa ya mtoto anayeongea na baba yake. Alichukua kifutio, akapuliza vumbi lake, akasubiri niondoke.

Nikaondoka kweli, nikamfuata mama shambani kwenye alizeti. Nililima naye mstari mmoja kwa hasira, nikang'oa na alizeti mbili nzima, mama akanitazama tu. Nikamweleza kilichotokea nikitegemea aniunge mkono, maana yeye na baba hawakosi la kubishania. Mama alisimama, akaegemea jembe.

"Ile penseli hajaishika tangu walipompunguza," alisema. "Nilimwambia aniandikie vibao vya bidhaa zangu mnadani, akasema mkono umekufa. Jana nimemsikia anaimba."

Akaendelea kulima. Mimi nilisimama na jembe mkononi. Nilijisikia vibaya kiasi kwamba nilitamani anigombeze kwa Kinyaturu kuliko kuniacha hivyo.

Niliporudi nyumbani baba hakuwa barazani, alikwenda kuangalia mizinga yake ya nyuki. Karatasi ilikuwa mezani, imewekewa jiwe ili upepo usiichukue. Nikakaa na kitabu cha chuo, nikafuata mistari mmoja mmoja, nikiomba nimkute na kosa. Nilianza na andiko nikarudi nyuma, nilianza na takwimu nikaja mbele. Kila nilikopita nilifika mwaka wa nne. Alikuwa sawa. Kama nisingeandika lile neno la kijinga kwenye barua, ningepeleka mpango wangu kama ulivyo, na ningegundua siku wenzangu wanapimwa majoho.

Baba aliporudi nilimpokea kopo la asali, nikamwomba radhi. Alisema yamekwisha, na kwa baba neno hilo lilikuwa na maana yake kamili, yanakuwa yamekwisha. Kisha akaniuliza kwa nini niliipeleka takwimu mbali vile. Nikamwambia ukweli, kwamba naiogopa. Nilitegemea aseme hakuna cha kuogopa, kama wasemavyo wote. Hakusema hivyo.

"Treni za mafuta nilikuwa naziogopa mimi," alisema. "Miaka yote. Kwa hiyo nilikuwa naziombea njia mchana, mapema, nikiwa nimekula na macho yangu yako wazi. Ukiiacha ije yenyewe itakukuta umechoka."

Tukaiweka takwimu muhula wa kwanza wa mwaka wa pili, mbele ya yote. Baada ya hapo mbinu ikakaa mahali pake, andiko likakaa mahali pake, na karatasi ikapumua. Tatizo likawa muhula ule wa kwanza umejaa, kukawa na mstari mmoja wa bluu unaokatiza mahali pasipo na stesheni. Ilibidi somo moja la hiari litoke. Baba akaniuliza uhalifu na ukengeushi linafundisha nini. Nikamwambia, kwa nini watu wanaiba, na jamii inawaonaje. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Alisema amekaa jirani na ghala la mizigo Itigi miaka kumi na saba, somo hilo atanifundisha yeye likizo ijayo. Nililifuta mwenyewe, kwa mkono wangu, na roho iliniuma kwa sababu ndilo nililolipenda kuliko yote.

Siku ya kuondoka, baba alijitolea kuijaza ile fomu. Alisema mwandiko wangu ni wa kuku anayetafuta mchwa, na yeye amezoea fomu ambazo herufi moja ikisomeka vibaya mtu anakufa. Sikubisha. Nilimwacha mezani na kalamu yake ya wino, nikaenda kufunga begi, na mama akawa ananifungia kuku wawili miguu, zawadi ya wenzangu wa chumbani. Baba aliniletea bahasha ya kaki imeshabandikwa gundi, ndani kuna fomu na ile karatasi kubwa ya treni imekunjwa, "wakikuuliza swali uwaonyeshe." Nikawaaga, nikapanda lori kwenda Itigi.

Treni ilipoiacha Manyoni nilishindwa kuvumilia, nikaifungua bahasha. Fomu ilikuwa nzuri ajabu. Kila somo ndani ya kisanduku chake, herufi kubwa zimesimama wima, namba za masomo hazina hata moja iliyogusa mstari. Nikaisoma kwa raha hadi chini. Chini kabisa, mahali palipoandikwa kwa Kiingereza saini ya mshauri wa masomo, baba alikuwa ameweka saini yake. Ya wino. Na mbele ya saini, kama walivyofundishwa reli kwamba saini isiyo na saa haina maana, alikuwa ameandika tarehe na 15.40, kwa saa za reli, yaani saa tisa na dakika arobaini alasiri.

Mtu yeyote angeona ni kosa. Lakini mimi nilimjua, na nilijua halikuwa kosa la kutokuelewa Kiingereza. Alisoma mshauri wa masomo, akajiuliza ni nani aliyemshauri mtoto huyu masomo, akapata jibu, akasaini. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na kwa kuwa nilikuwa na kuku mapajani nilishindwa kufanya vizuri hata kimoja. Mama mmoja wa Kigogo aliyekaa mbele yangu akaniuliza kama nimepata habari ya msiba. Nikamwambia hapana mama, ni fomu.

Kutoka hapo hadi Dar es Salaam sikulala vizuri. Fomu ilikuwa moja. Wino ule haufutiki, na hata ungefutika, iliyofutwa haipokelewi. Wapo watakaosema nimeghushi saini, na kwa kughushi mtu hafukuzwi taratibu. Nilifikiria kusema imepotea. Nilifikiria kusema imeliwa na kuku, na ushahidi ninao. Lakini kila nikiziangalia zile herufi zilizosimama wima, niliona siwezi kuisingizia fomu ile kifo.

Ijumaa asubuhi nilipanga foleni mlangoni kwa mshauri wangu. Alikuwa mhadhiri wa kike, mfupi, mwenye sauti ndogo iliyowatisha hata wavulana wa mwaka wa tatu. Aliyenitangulia alitoka amenuna, fomu mkononi, imekataliwa kwa sababu amejumlisha vibaya. Nikaingia. Nikamwamkia, akanionyesha kiti bila kuinua uso, akanyoosha mkono. Nikampa.

Alisoma kuanzia juu. Kidole chake kilishuka taratibu, takwimu, mbinu, andiko, kikarudi juu, kikashuka tena. Kikafika chini kikasimama.

"Mshauri wako ni mimi," alisema. "Huyu ni nani?"

"Ni baba, madamu."

"Na hii 15.40?"

Nikamweleza yote, kwa sababu uongo niliouandaa ulinikimbia. Nilimwambia baba alikuwa karani wa stesheni, kwamba kule mtu akisaini anaandika na saa, kwamba yeye ndiye aliyenipangia, na hakukusudia ubaya. Nilimwambia alipunguzwa kazi. Sijui kwa nini nililisema hilo, halikuwa kwenye fomu. Madamu alisikiliza bila uso wake kubadilika. Kisha akaniuliza alipangaje. Nikaitoa karatasi ya treni, akasogeza vikombe na mitihani, akaitandaza meza nzima.

Aliitazama muda mrefu sana. Foleni nje ilianza kukohoa. Alichukua penseli akafuata mistari myekundu kama nilivyofanya mimi kule Mitundu, na mimi niliijua ile sura, ni ya mtu anayetafuta kosa. Akasimama kwenye mstari wa bluu uliofutwa, ambao bado ulionekana kidogo.

"Hili ni somo langu," alisema. "Uhalifu. Umelitoa."

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ndiye anayelifundisha.

"Nalipenda, madamu. Ila halina njia."

Aliinua uso akanitazama, halafu akaitazama karatasi, halafu akacheka, kicheko kidogo cha puani. Akasema kwamba tangu asubuhi amepokea fomu kumi na tisa na amezirudisha kumi na moja, na kwamba wote waliorudishwa wameliacha andiko lao likining'inia hewani. Akaniuliza kama baba yangu angekubali kuja kukaa kwenye kile kiti chake wiki moja. Nikamwambia ana alizeti.

Shahada niliipata katika mwaka wa tatu, kama ilivyochorwa, na takwimu nilifaulu mara ya kwanza kwa C ambayo naipenda kuliko A zangu zote. Baba alikuja kwenye mahafali na koti lake la reli. Lakini nikiulizwa niliipata lini ile shahada, jibu langu ni ile Ijumaa, maana palibaki jambo moja tu mezani kwa madamu. Alifungua kalamu. Hakuikata saini ya baba. Pembeni yake aliandika neno moja, "Nakubali," akasaini chini yake, halafu akasita, akavuta mkono wa blauzi, akatazama saa yake, akaandika tarehe na 10.25.

"Mwite anayefuata," akasema.